Kuotesha Mwaridi Mpya Kutokana na Shada la Maua

Shada la mawaridi likiletwa nyumbani hutiwa katika chombo cha maji, hupendezesha sebule kwa siku tano hadi kumi, na petali zikianza kudondoka hutupwa jalalani pamoja na vikonyo vyake. Huo ni upotevu unaoniuma, kwa sababu kikonyo cha waridi si bua tupu la kushikilia ua. Ni tawi kamili la mwaridi, lenye gome, majani na, katika kwapa la kila jani, jicho linaloweza kuchipua. Kipande cha tawi hilo chenye urefu unaokaribia shubiri moja kinaweza kutoa mizizi na kuwa mwaridi unaojitegemea, wenye maua ya rangi ileile iliyomvutia aliyelinunua shada.

Mtu aliyezoea muhogo anaweza kudhani kwamba kazi hii ni nyepesi: hukata pingili, huifukia shambani, na baada ya wiki mbili huona machipukizi. Mwaridi hauendi hivyo. Pingili ya muhogo ni nene na ina akiba kubwa ya chakula, ilhali kijiti cha waridi ni chembamba, na kile kilichotoka katika shada kimekwisha kutumia sehemu ya akiba yake kukuza na kufungua ua. Tangu kilipokatwa shambani hakina mizizi ya kukinyweshea, majani yake yanapoteza maji kila saa, na jeraha la chini liko wazi kwa vimelea. Kwa hiyo kazi yote itakayoelezwa hapa ni mashindano baina ya mambo mawili, kuoza na kutoa mizizi, na kila hatua ina shabaha ya kuchelewesha la kwanza na kuharakisha la pili. Anayelielewa jambo hilo ataweza kuamua mwenyewe la kufanya hata pale ambapo vifaa vyake au hali ya hewa ya kwake havilingani na maelezo haya.

Kuchagua kikonyo

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko penginepo, kwa kuwa watu wengi hushindwa kabla hata hawajagusa udongo. Hungoja ua linyauke kabisa, maji ya chombo yaanze kunuka na vikonyo vigeuke kuwa vyeusi upande wa chini, ndipo wakumbuke kwamba wanaweza kuvipanda. Wakati huo kikonyo kimemaliza akiba yake na bakteria wamekwisha kuziba mishipa yake ya maji. Uamuzi wa kupanda unapaswa kufanywa siku shada linapoingia nyumbani.

Hilo halina maana kwamba zawadi iharibiwe siku ileile. Waridi la dukani mara nyingi huwa na kikonyo cha sentimita 50 au 60, na ua halihitaji urefu wote huo ili lipendeze. Unaweza kukata sehemu ya juu yenye ua na kuiacha na kikonyo cha sentimita 20 hivi, ukaitia katika bilauri fupi au jagi dogo, nayo ikaendelea kupamba meza kwa siku zake zote, huku sehemu ya kati ikipandwa siku hiyohiyo ikiwa bado mbichi. Sehemu ya kati ndiyo bora kwa kupandwa. Ile iliyo karibu sana na ua ni laini, ina majani madogo yenye vijani vitatu tu, na huoza upesi, nayo ile ya chini kabisa inaweza kuwa imekomaa na kuwa ngumu kupita kiasi. Katikati utaona majani yenye vijani vitano, na macho yaliyo kwenye makwapa ya majani hayo ndiyo yenye nguvu.

Angalia unene wake: kikonyo kinachofanana na penseli kinafaa, na kilicho chembamba kama njiti ya mshikaki ni afadhali kiachwe. Gome liwe la kijani lisilo na mikunjo wala madoa meusi. Kisha kuna kipimo cha zamani cha watunza bustani ambacho sijaona sababu ya kukiacha: bonyeza mwiba kwa upande ukitumia kidole gumba, na ukikwanyuka kwa mlio mkavu na kuacha kovu safi, tawi limekomaa kadiri inayotakiwa, ukipinda bila kukwanyuka, tawi bado ni changa. Wauza maua wengi huondoa miiba na majani ya chini kwa kifaa cha kukwangua, na kifaa hicho wakati mwingine hung'oa macho pamoja na miiba. Kwa hiyo pitisha kidole polepole juu ya kila kifundo na uhakikishe kwamba jicho lipo, kama chunusi ndogo ya kijani au yenye wekundu, wala halijachubuliwa.

Inasaidia pia kujua maua yametoka wapi. Katika Afrika Mashariki mawaridi ya kuuza hulimwa zaidi katika nyanda za juu, hasa kandokando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya na katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro nchini Tanzania. Hukatwa yakiwa machipukizi yaliyofumba, huingizwa katika vyumba vya baridi vyenye nyuzijoto chache tu juu ya sifuri, na mengi husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Ghuba. Mnunuzi wa Nairobi, Nakuru au Arusha ana bahati, kwa sababu ua linaweza kumfikia siku moja au mbili baada ya kukatwa. Aliyeko Muscat, London au Amsterdam atapata kikonyo kilichosafiri kwa siku kadhaa, nacho bado kinaweza kuota, lakini avipande vijiti vingi zaidi na asikawie. Aliyeko Australia asijisumbue na maua yaliyoagizwa kutoka nje, kwa kuwa sheria za karantini za nchi hiyo hutaka mawaridi hayo yachovywe katika dawa ya kuua magugu ili yasiweze kuoteshwa. Atafute maua yaliyolimwa humohumo.

Kama shada lina vikonyo kumi, panda vyote vinavyofaa. Vijiti vilivyotoka katika shada moja, vikapandwa siku moja kwa mkono mmoja, havitaota vyote, na aina za mawaridi hutofautiana sana katika wepesi wa kutoa mizizi. Anayepanda kijiti kimoja na kukipoteza huamini kwamba hana mkono wa kupandia, ilhali hakujipa nafasi ya kutosha.

Msimu na mahali pa kuweka

Mizizi ya mwaridi hujitokeza vizuri udongo unapokuwa na joto la nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, joto la Januari na Februari huozesha vijiti upesi, na majira mazuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa ya wastani. Katika sehemu za baridi kama Limuru, Lushoto na Njombe mambo hugeuka: asubuhi za Julai zenye ukungu na mawingu huchelewesha mizizi, nao unyevu wa siku nyingi hukaribisha kuvu, hivyo miezi yenye vuguvugu ndiyo iliyo bora. Huko Oman na Ghuba, kazi hii ifanywe kuanzia Novemba hadi Februari.

Mahali pawe na mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Chini ya mti wenye kivuli chepesi panafaa, vilevile barazani upande usiopigwa na jua la mchana, au dirishani nyuma ya pazia jepesi. Giza la chumbani halifai, kwa sababu majani yaliyoachwa juu ya kijiti yanahitaji mwanga ili yatengeneze chakula. Jua kali nalo, likipiga juu ya chombo kilichofunikwa kwa plastiki, huivisha mimea kama mboga iliyo ndani ya sufuria, na saa moja inatosha kuharibu kazi ya wiki tatu.

Udongo

Katika wiki hizi za mwanzo kijiti hakihitaji rutuba. Kinahitaji kitu kinachokishikilia, kinachobaki na unyevu kiasi na kinachopitisha hewa. Mchanganyiko rahisi ni nusu ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na nusu ya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Wanaoishi karibu na mashine za kukobolea mpunga wanaweza kutumia pumba zilizochomwa zikawa nyeusi, ambazo ni nyepesi na hupitisha hewa vizuri. Pwani, unga wa makumbi ya nazi unafaa sana, ila uloweshwe na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji baridi, kwa kuwa makumbi mengi huwa na chumvi. Kwa sababu hiyohiyo mchanga wa baharini usitumike kabisa, hata ukisuuzwa.

Samadi mbichi, mbolea za dukani na udongo mzito wa mfinyanzi viachwe kwa sasa. Mbolea kali huunguza jeraha, na udongo wa mfinyanzi hushika maji na kufukuza hewa. Udongo uliochotwa bustanini huwa na vimelea vya kuozesha miche, hivyo ni vizuri kuumwagia maji yanayochemka mpaka yatoke chini ya chombo, halafu kuuacha upoe na kuchuja maji kwa siku nzima kabla ya kupanda.

Chombo chochote chenye kina cha sentimita 15 na matundu chini kinatosha. Chupa za plastiki za maji za lita moja na nusu zina faida ya pekee, kwa kuwa ukikata chupa katikati, nusu ya chini hutobolewa na kuwa chungu, nayo nusu ya juu huwa kifuniko chenye kizibo cha kufungua na kufunga. Sehemu ya chini izungushiwe gazeti au karatasi nyeusi, maana mizizi hukua vizuri gizani, na karatasi hiyo inaweza kufunuliwa baadaye ili kuona mizizi bila kuigusa.

Kukata na kupanda

Tayarisha kisu kikali au mkasi wa kupogolea na uupanguse kwa spiriti. Mkasi butu husaga gome badala ya kulikata, na palipo na gome lililosagwa ndipo kuoza huanzia. Andaa pia bakuli la maji safi, ili kila kijiti kikikatwa kiingie majini mara moja badala ya kukaa juu ya meza kikikauka.

Kata kijiti chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 na vifundo vitatu au vinne. Upande wa chini ukatwe kwa mshazari, karibu nusu sentimita chini ya kifundo, kwa sababu mizizi hupenda kutoka karibu na kifundo. Upande wa juu ukatwe kwa kukingama, bila mshazari, nusu sentimita au zaidi kidogo juu ya jicho. Tofauti hiyo ya mikato ina manufaa mengine: vijiti vikichanganyika utajua upi ni upande wa chini. Kijiti kilichopandwa juu chini hakitoi mizizi inavyotakiwa, kwa kuwa homoni ya asili inayochochea mizizi hutengenezwa katika macho na majani machanga na husafiri kuelekea chini ya tawi. Kama kichipukizi cha ua bado kimo juu ya kijiti, kiondoe bila huruma, kwa kuwa kitanyonya akiba ambayo mizizi inaihitaji.

Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na kila moja la hayo mawili ulipunguze hadi nusu. Wapo wanaoondoa majani yote kwa hofu ya kunyauka, na wapo wanaoyaacha yote kwa kuyaonea huruma. Wote wawili hukosea, kwa sababu kijiti kisicho na jani hukosa chakula, na chenye majani mengi hupoteza maji mengi kuliko kinayoweza kuvuta. Kisha kwangua gome taratibu upande mmoja wa chini, kwa urefu wa sentimita moja na nusu, mpaka uone utando wa kijani ulio chini yake. Jeraha hilo dogo huongeza eneo la kutokea mizizi na huruhusu maji na dawa kuingia.

Dawa ninayoisema ni homoni ya kuotesha mizizi, ambayo huuzwa katika maduka ya pembejeo za kilimo ikiwa ya unga au ya maji, na kiambato chake kikuu mara nyingi ni asidi ya indolibutiriki. Kwa waridi, unga wenye asilimia 0.1 hadi 0.3 ya kiambato hicho unatosha, na kuongeza dozi hakuharakishi mizizi bali huunguza tishu. Mimina unga kidogo katika kisahani, chovya sentimita mbili za chini za kijiti, kisha kikung'ute ili ziada idondoke. Usichovye ndani ya kopo lenyewe, kwa kuwa unyevu na vimelea vitaharibu dawa yote iliyobaki. Bila homoni kazi bado inawezekana, ila vijiti vitakavyofanikiwa vitakuwa vichache na itabidi kungoja zaidi.

Wasomaji wengi watakuwa wameona picha za kijiti cha waridi kilichochomekwa ndani ya kiazi mviringo, na hapa napenda kusema wazi kwamba kiazi hakitoi homoni wala chakula kwa kijiti. Kinachofanya ni kushika unyevu, kazi ambayo mchanga huifanya vizuri zaidi, na baada ya wiki mbili ama huoza na kuozesha kijiti, ama huchipua na ukajikuta unalima viazi. Asali ina uwezo wa kuzuia vimelea vya jeraha lakini haichochei mizizi. Utomvu wa shubiri, ambao wengi huuita alovera, una wapenzi wake, nao hauna madhara ukipakwa kidogo, ingawa sitaki mtu aache kununua homoni akidhani kwamba amepata mbadala ulio sawa nayo.

Kabla ya kuchomeka kijiti, toboa shimo kwa penseli au kijiti kingine kilicho kinene zaidi. Ukikisukuma kijiti chenyewe ndani ya mchanga, unga wa homoni utakwanguliwa wote na kubaki juu. Kiingie hadi vifundo viwili viwe chini ya udongo, kisha bana udongo kwa vidole ili kusiwe na uwazi wa hewa kuzunguka jeraha, mwagilia maji polepole mpaka yatoke chini, na uache yachuruzike. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yenye harufu kali ya klorini yaachwe wazi usiku mmoja, na ya visima vya pwani yenye ladha ya chumvi yasitumike, kwa sababu mwaridi hauvumilii chumvi hata ukiwa mkubwa.

Kufunika na kungoja

Kijiti kisicho na mizizi huishi kwa unyevu wa hewa inayokizunguka. Kifunike kwa nusu ya juu ya chupa, au kwa mfuko mwangavu wa plastiki uliotegemezwa kwa vijiti viwili ili usiguse majani. Matone yakijikusanya ndani ya plastiki ni dalili njema. Hata hivyo, kila siku fungua kizibo au inua mfuko kwa dakika kumi hivi, hewa ibadilike, kwa kuwa unyevu uliotuama bila hewa mpya huleta ukungu wa kijivu unaoanzia kwenye majani yaliyokufa na kushuka kwenye kijiti. Jani likidondoka liondolewe siku hiyohiyo. Kijiti kikigeuka kuwa cheusi kuanzia chini, king'oe na kukitupa kabla hakijaambukiza vingine.

Kumwagilia ndiko kunakowashinda watu wenye upendo mwingi. Udongo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa: ukiugusa unahisi unyevu, ukiubana haudondoshi maji. Chini ya kifuniko maji hayapotei upesi, na mara nyingi kumwagilia mara moja kwa siku nne au tano kunatosha. Anayemwagilia kila asubuhi kwa mazoea atavizamisha vijiti vyake.

Sasa nifike kwenye jambo linalohuzunisha wengi kuliko yote. Siku ya kumi hivi, jicho la juu litavimba na kutoa kijani kidogo chenye wekundu, na mwenye nyumba atafurahi, ataondoa kifuniko, pengine atahamisha kijiti kwenye chungu kizuri, na baada ya siku tatu kila kitu kitanyauka. Jani jipya si ushahidi wa mzizi. Jicho huchipua kwa akiba iliyomo ndani ya kijiti, kama vile macho ya waridi yanavyochipua hata ndani ya chombo cha maua mezani. Chini ya udongo, wakati huo, kuna uvimbe mweupe tu wa tishu inayoziba jeraha, na mizizi yenyewe kwa kawaida huanza kuonekana kati ya wiki ya tatu na ya sita. Kwa hiyo jani likitokea, usibadilishe chochote: kifuniko kibaki, kivuli kibaki, mkono usiguse.

Baada ya wiki ya tano funua karatasi iliyozungushiwa chupa na utazame kama kuna nyuzi nyeupe zinazopita kando ya plastiki. Kama chombo si cha kuonyesha ndani, vuta kijiti kwa wepesi sana. Kikishikilia udongo, kina mizizi. Usiking'oe ili kuhakiki. Mizizi ya mwanzo ni laini mno, na ikikatika kijiti huanza upya kikiwa hakina tena akiba ya kuanzia.

Kuuzoesha na kuuhamisha mche

Mche wenye mizizi umezoea hewa yenye unyevu mwingi, na ukitolewa ghafla utanyauka. Uzoeshe kwa siku saba hadi kumi, ukiondoa kizibo siku za kwanza, kisha ukiinua kifuniko saa chache asubuhi, na kuongeza muda kila siku mpaka usihitaji kifuniko tena. Karibu wiki ya nane, mizizi ikiwa mingi, uhamishe jioni kwenye chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, kilichojazwa udongo mzuri wa bustani uliochanganywa na mboji na mchanga kidogo. Hamisha pamoja na bonge lake la udongo.

Wiki mbili za kwanza uwe kivulini, kisha uingizwe polepole kwenye jua la asubuhi. Nyanda za juu mwaridi hupenda kupata jua kwa muda wa saa sita kila siku, lakini pwani ni heri upate kivuli tangu saa nane mchana. Mbolea ianze machipukizi mapya yakishafunguka, kwa kiasi kidogo cha samadi iliyooza vizuri, isiyogusa shina. Kichipukizi cha kwanza cha ua, na ikiwezekana cha pili, vikatwe vikiwa vidogo. Najua inauma baada ya kungoja miezi mitatu, ila mche unaojenga mizizi na matawi kwanza utatoa maua mengi kwa miaka, ilhali ulioachwa kuchanua mapema hudumaa.

Katika umri huu kagua upande wa chini wa majani mara kwa mara. Unga mweupe juu ya majani machanga ni ubwiri unga, madoa meusi yenye kingo za njano ni ugonjwa wa majani unaoenezwa na maji yanayorukia majani, na vumbi la madoa madogo ya njano pamoja na utando mwembamba huashiria utitiri mwekundu, ambao hupenda joto na ukavu. Kumwagilia shinani badala ya juu ya majani, kuondoa majani yenye madoa, na kuacha nafasi ya sentimita 60 au zaidi kati ya mmea na mmea huzuia sehemu kubwa ya matatizo haya kabla dawa haijahitajika.

Matarajio ya kweli

Mwaridi ulioota kwa njia hii hautatoa vikonyo vya nusu mita vyenye maua makubwa kama yale ya dukani. Katika mashamba ya biashara miwaridi hulishwa kwa mabomba ya matone ndani ya nyumba za plastiki, baadhi ya matawi hukunjwa ili yalishe yale yanayochanua, na aina nyingi hubebeshwa juu ya shina la aina nyingine lenye mizizi imara. Shina liitwalo Natal Briar limetumika sana kwa kazi hiyo nchini Kenya. Wako utasimama juu ya mizizi yake yenyewe. Unaweza kukua polepole na kusumbuliwa zaidi na minyoofundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, lakini una ubora mmoja ambao mimi nauthamini: hata ukikauka au kukatwa mpaka chini, chochote kitakachochipua tena kitakuwa waridi lilelile, si chipukizi pori la shina la chini. Anayetaka mmea mwepesi wa kuanzia aombe pia kijiti cha mwaridi wa zamani uliokua uani kwa jirani. Miwaridi hiyo isiyojulikana jina, ambayo maua yake hutiwa katika vikuba na shada za nywele huko Unguja na Lamu, mara nyingi huota kwa wepesi, kwa kuwa imepitishwa mkono kwa mkono kwa njia hii hii ya vijiti.

Aina nyingi za mawaridi ya biashara zina wenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 1999 na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na Tanzania ikajiunga mwaka 2015. Kanuni za mkataba huo haziwazuii watu kuotesha mmea kwa matumizi yao binafsi yasiyo ya biashara, lakini kuzalisha miche ya aina inayolindwa na kuiuza bila leseni ni kuvunja haki ya aliyeizalisha. Otesha kwa ajili ya ua wako, na ukitaka kuuza miche, anza na miwaridi ya zamani ambayo haina mwenye haki.

Mche ukishafikisha matawi matatu au manne yenye nguvu, liache ua lichanue na kunyauka juu ya mmea. Petali zikidondoka tu, kata tawi lake juu ya jani lenye vijani vitano ambalo jicho lake linatazama nje, ili mmea upanuke na kupata hewa katikati. Tawi hilo ulilolikata limekomaa kwa kipimo cha mwiba, halijapita katika chumba cha baridi wala chombo cha maua, na linaweza kuingia mchangani dakika ileile lilipokatwa. Vijiti viwili vitakavyopatikana humo vitaota kwa urahisi kuliko vyote ulivyowahi kutoa katika shada.